Maji ya Moto ya Ufaransa

Mvuke wa ardhini hapa Naivasha hunuka kama mayai viza, na kila nikiunusa naukumbuka mji mmoja wa kale wa Ufaransa, kando ya mto. Shangazi yangu aliyeolewa huko alitualika, nyanya na mimi, ili maji ya moto ya mji ule yatibu magoti ya nyanya, yaliyochoshwa na mashamba ya viazi kule Molo.

Mlangoni mwa bafu za maji hayo, mhudumu alidai barua ya daktari. Shangazi alisihi hadi sauti ikamkauka, lakini hatukuruhusiwa kuingia. Mimi nilipiga ukuta teke, nikilia kwa hasira.

Nyanya alishuka polepole ngazi za kwenda mtoni, akavua viatu, akatumbukiza miguu majini. Maji yalikuwa barafu.

“Nyanya, si haya!”

“Najua. Lakini wakiuliza nyumbani, sema nilioga.”