Laptop Iliyokataa Kuagwa

Juzi hapa mtaani Kitaji nilikuwa kwa fundi kompyuta, nasubiri chaja yangu, akaingia mwalimu mstaafu na laptop aliyoifunga kwenye kitenge. Shule ilimzawadia siku ya kumuaga, lakini kila akiiwasha inadai nywila ya shule.

"Tunafuta vyote, mama, tunaweka mfumo mpya," fundi akasema.

Mfumo ukaingia vizuri. Ila fundi alipounganisha intaneti tu, kioo kikaandika: *Kompyuta hii ni mali ya shule.*

Wakati huohuo akaingia askari kutoa kopi. Mwalimu akaubamiza mfuniko, nusura abane vidole vya fundi.

"Mwanangu, mimi si mwizi," akanong'ona. "Nilipewa mbele ya wazazi, vigelegele vikapigwa."

"Mtandaoni bado haijatolewa kwenye orodha ya shule, mama. Anayeweza kuitoa ni msimamizi wa kompyuta za shule. Mpigie."

Mwalimu akashika kifua. "Msimamizi nilikuwaga mimi. Akaunti yangu waliifunga siku ileile ya sherehe."

Askari akachukua kopi zake akaondoka. Mikono ya mwalimu ilibaki juu ya mfuniko.

Kukabidhi mbele ya watu tunakuweza, na keki tunalishana. Kukabidhi kwenye mfumo hakuna anayekumbuka. Ningecheka, lakini kompyuta ninayoandikia haya nilipewa nilipoagwa kazini, na tangu juzi sijathubutu kuiwashia intaneti. Safu hii nimempelekea mhariri kwa flashi, kwa miguu.