Msusi na Wimbo Aliouuza

Nilikuwa nasukwa nywele mtaani Kayole redio ilipopiga wimbo mpya wa kubembeleza mtoto. Vidole vya msusi vikasimama kichwani mwangu. Midomo yake ilikuwa ikitangulia maneno ya mwimbaji.

"Kumbe unaujua?"

"Ni mimi niliutunga, dadangu, mtoto wangu akiwa mgonjwa. Alipofariki nikauuza kupitia dalali. Niliapa sitasema ni wangu, na mnunuzi hakutaka nimjue. Jina la mtoto nikasahau kulitoa wimboni."

Redioni, sauti ngeni ikaita jina hilo taratibu, kama inayomwamsha. Msusi akageukia mlango, kana kwamba kuna atakayeitika.

"Tafadhali, najua unaandika gazetini; usiniandike."

Haya, biashara ni siri: msusi simtaji. Mwanawe mtamsikia akiitwa kesho asubuhi, mkifungua redio.