Dereva Aliyekosekana Kwenye Kona

Mgeni alikuwa bado na vumbi la safari kwenye kope alipoingizwa katika chumba chenye kiti cha lori, usukani na skrini pana kama ukuta. Mhandisi wa barabara alikuwa kitini, kofia ya sufu kichwani, akipiga miayo. "Sasa hivi ni dereva wa usiku," karani aliyemleta alinong'ona. Kila aina ya dereva ilikuwa na kofia yake msumarini. Mhandisi akavaa ya bwana harusi aliyechelewa, akakanyaga mafuta. Akavaa ya babu, akatambaa, huku akiwapungia mkono wa radhi waenda kwa miguu wa kwenye skrini. Hakuna aliyepinduka. Kesho greda lingeanza kuichonga kona ile ya kwenye skrini, kando ya shule, na moyo wa mhandisi uliikataa.

"Akianguka hata dereva mmoja, wakubwa wataichora upya," alilalamika. "Lakini mimi naijua mno. Hata nikisinzia naikata vizuri." Kisha akamtazama mgeni. "Kaka, umewahi kufika huku?"

"Ndiyo kwanza nashuka."

Alimfunga mkanda mwenyewe, bila kumpa kofia. Mgeni akaendesha kwa adabu zote, akaiona kona imeshampita, akasimama katikati ya darasa la kwanza.

"Umetuua!" Mhandisi alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Asante, ndugu yangu, asante sana!" Mlangoni akapiga honi kwa mdomo, akatazama kulia na kushoto, akatimua mbio kwenda kulizuia greda. Mkanda ukagoma kufunguka. Mgeni akabaki kitini, mikono kwenye usukani, kengele ya shule ikilia.