Konzi ya Mungu

Kavata alikuwa na kinyongo na kibuyu. Mvua iliyokataa kunyesha alikwisha kuizoea, na mumewe Nzuki, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akanyamaza kimya, alikwisha kumkatia tamaa. Lakini kibuyu cha mama yake, kilichoning'inia juu ya meko tangu yeye hajaota meno, hicho hakukisamehe.

Kila Kaluki, mama yake, alipopima nafaka ya kupika, alitoa konzi moja akaitia humo. Hiyo ilikuwa ya Mungu. Jumapili mzee Jonah, baba yake, aliibeba kanisani, na mchungaji akawagawia wenye njaa wa Kanyangi. Aliyeitoa konzi haili tena: katika nyumba ya Jonah, mtu wa kuombea chakula mpaka kikapoa, hilo lilikuwa sheria. Katika njaa ya mwaka wa sitini na tano, Kavata akiwa mtoto, alimwona mama akitoa konzi katika kipimo cha mwisho. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo akaapa kwamba akipata nyumba yake, cha chungu kitabaki chunguni. Akaolewa, na kiapo akakitimiza. Kanisani alikwenda, kuimba aliimba, lakini konzi hakutoa, na mama yake alijua.

Kisha ikaja njaa ya themanini na nne, ile Wakamba waliyoiita Nikw'a Ngwete, ninakufa nimeshika, maana mtu alifika sokoni na pesa mkononi akakuta duka halina hata vumbi la unga. Kavata alichemsha majani ya porini, akachemsha ngozi ya mbuzi. Halafu Nthenya, binti yake wa pekee, akaacha kulia. Mtoto wa njaa akilia, bado yupo; akinyamaza, ogopa. Kavata akamfunga mgongoni, akavuka mto uliobaki mchanga mtupu, akaenda kwa wazazi wake.

Alimkuta baba ameketi mlangoni, Biblia magotini, macho hayana nguvu ya kusoma. Mama, mwaitu wake kwa Kikamba, alikuwa ndani amelala, amekonda hata Kavata akageuza uso. Na juu ya meko, kibuyu. Akakishika. Kilikuwa kizito, kimejaa mtama.

Mchungaji alikuwa amerudi kwao, kanisa likafungwa, wala hakuna aliyekuja kuuchukua. Wazee hawa wakaendelea kutoa konzi mpaka wakakosa cha kupima. Tangu hapo walikunywa maji, wakaomba.

"Baba! Mwaitu anakufa na mtama iko hapa?" Kavata alipiga kelele.

"Hiyo si yetu. Tulishampa Mungu. Huwezi kumpa kwa mkono huu, umnyang'anye na huu."

"Basi huyo Mungu akuje apike!"

Hilo neno lilimtoka, na maisha yake yote lilimchoma. Mzee hakumkemea. Alimtazama mtoto mgongoni, akainama. Sauti ya Kaluki ikatoka kitandani, nyembamba.

"Jonah, si tulikuwa tunangoja mwenye njaa? Huyu bwana yake amepotea, na mtoto anaisha. Sasa unangoja nani?"

Jonah akasimama kwa kushika ukuta, akakiteremsha kibuyu, akamwekea bintiye mikononi. "Shika. Ni yako sasa. Sisi hatuwezi kula."

Kavata akasaga, akapika uji. Kijiko cha kwanza Nthenya alikikataa, cha pili kikamwagika, cha tatu akameza. Kavata akalia kwa kwikwi. Watu wawili aliowaita wakaidi walikuwa wamemwekea mtoto wake uhai, konzi kwa konzi, kutoka vinywani mwao wenyewe. Alimshukuru Mungu kwa kumpa wazazi hao, na papo hapo alitamani kuwachapa.

Akawapelekea uji. Baba akatikisa kichwa. Mama akafumba midomo. Alipiga magoti, akabembeleza, akafoka. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Watakufa mbele yangu, akawaza, na uji uko mkononi.

Akarudi mekoni kumpimia mtoto uji wa jioni. Akamimina mtama kwenye ungo, na kabla hajafikiri, mkono wake ukatoa konzi moja na kuiweka kando. Akautazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa mama yake. Akaisaga konzi ile peke yake, akaipika peke yake, akaipeleka kitandani kwa mama.

"Mwaitu, hii kibuyu ni ya nani sasa?"

"Ni yako."

"Basi nimepima yangu, na konzi ya Mungu nimetoa."

Macho ya Kaluki yakafunguka. "Umetoa? Wewe?"

"Nimetoa. Ni hii hapa. Mchungaji hayuko, na mwenye njaa ni wewe na baba."

Kaluki hakuiona mvua iliyofuata, mwili ulikuwa umekwisha mno. Hayo Kavata hakuyajua bado. Alichokiona ni mama yake akimgeukia mzee, akingoja. Na Jonah, yule wa kuombea chakula mpaka kikapoa, siku hiyo alisema neno moja tu, "Asante," na mama akafungua kinywa.