Mechi za Mfungo Hazihesabiwi

Mshika kibendera hana rafiki. Ukikiinua, nusu ya uwanja inakutukana; usipokiinua, inakutukana nusu iliyobaki. Nimekishika miaka tisa katika ligi yetu hapa Mwera, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu ambaye hajanitukana: Bi Tausi binti Uweso, muuza sharubati ya ukwaju. Si kwamba ni mpole. Ulimi wake unaweza kumenya chungwa. Ila kiti chake kipo penye kona, hatua tatu kutoka ninaposimama, kwa hiyo anaona ninachokiona. Wengine wote wanaona wanachokitaka.

Ndiyo maana yeye ndiye anayechagua kumi na moja.

Ligi yetu ina timu kumi. Ikifika nusu, tunateua wachezaji kumi na moja bora kutoka timu zote, na hao wanapanda gari kwenda Tanga mjini kucheza na timu ya mkoa. Huko kuna makocha wanaotafuta watu. Kuna vijana wa hapa waliokwenda hivyo siku moja na hadi leo wanakula kwa mpira. Zamani uteuzi ulikuwa wa makocha wetu wenyewe, na kila kocha alivutia kwake, mpaka mwaka mmoja wakarushiana viti, tena viti vya kuazima. Mwenyekiti wa ligi, Bwana Tahiri, alipandwa na hasira akasema kazi hii apewe mtu asiye na timu. Bi Tausi alikuwa pale pale anamimina sharubati. Wanawe wawili walichezea timu mbili zisizopikika chungu kimoja, na nyumbani kwake habari za mpira zilikuwa marufuku wakati wa kula. Bwana Tahiri akamwuliza kwa kejeli, yeye angemchagua nani. Bi Tausi hakuacha kumimina. Akataja majina kumi na moja kuanzia kipa, na glasi ilipojaa hapakuwa na mtu wa kubisha.

Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kila mchezaji anayemvutia ana kopo lake nyumbani kwake, na kila mechi aliyocheza vizuri, Bi Tausi anamtilia kokwa moja ya ukwaju. Siku ya kutangaza anamwaga makopo, anahesabu kokwa, basi. Ukimwuliza anatazama nini, atakwambia, "Mguu wa kwenda mbele kila mtu anao. Mimi natazama wa kurudi."

Tena ana kanuni moja ambayo tuliisifu sote: mechi za mfungo hazihesabiwi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, ukamkimbiza saa kumi alasiri jua likiwa bado kali, huwezi kusema umempima. Hata imamu wetu aliisifu. Na kwa miaka mingi haikumwumiza mtu, kwa kuwa Ramadhani ikiingia Bwana Tahiri alikuwa anasimamisha ligi baada ya mechi moja au mbili. Mwaka huu hakusimamisha. Masika yalikuwa mlangoni, na masika yakiingia uwanja wetu ni jaruba la mpunga. Kwa hiyo katika mechi tisa za nusu ya kwanza, nne zikaangukia ndani ya mfungo.

Hapo ndipo alipoumia Kristofa.

Kristofa ni mkata mkonge. Babu yake alikuja kutoka bara kwa kazi hiyo hiyo, na familia yao ni ya Kilutheri, wanaabudu katika kanisa dogo upande wa shambani. Ana miaka ishirini na sita, umri ambao kocha wa mjini akiusikia anaanza kutazama saa yake. Anachezea Katani. Mechi tano za kwanza alikaa benchi, anagawa maji na kutunza viatu vya wenzake. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, beki wao wa kati akavunjika kidole cha mguu mazoezini, naye akaingizwa kikosini. Katika mechi tatu zilizofuata Katani haikufungwa hata goli moja. Mimi nilikuwa pembeni nakimbia naye sambamba, na nasema bila kuficha: sijaona beki anayesoma mpira namna ile katika uwanja huu.

Mechi ya pili kati ya hizo, wakati wa mapumziko, wachezaji Wakristo walizunguka nyuma ya darasa la shule iliyo kando ya uwanja kunywa maji. Ndiyo desturi yetu mwezi ule. Hawanywi mbele ya waliofunga. Lucas, kipa wa Katani, akamwita Kristofa. Kristofa akatikisa kichwa, akabaki amekaa juani na wenzake, midomo imemkauka. Alikuwa ameshakata mkonge tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Mbona huendi kunywa?" nikamwuliza. "Wewe hukufunga."

"Mabeki wenzangu wote watatu wamefunga, kaka Idarusi," akasema. "Nikinywa mimi peke yangu, wakichelewa nitaanza kuwalaumu."

Niliona aibu. Mimi niliyefunga nilikuwa nimewalaumu watu tangu adhuhuri.

Mwezi ishirini na saba nilikwenda kwa Bi Tausi. Ramadhani hauzi sharubati uwanjani. Kuanzia alasiri anakaanga vitumbua na kaimati barazani kwake, na foleni inafika barabarani.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Vitumbua au kaimati?"

"Nimekuja kwa ajili ya Kristofa wa Katani."

"Huyo hana hata kopo kwangu," akasema, bila kuinua macho. "Na kanuni unaijua."

"Hana kopo kwa sababu hukuwapo."

Watu wa foleni waligeuka kunitazama. Nilijua nimevuka mpaka, lakini nikishaanza mimi sina breki, na hilo hata mke wangu atakuthibitishia. Nikamwambia mechi zote tatu hakuziona hata moja. Nikamwambia habari ya maji nyuma ya darasa. Nikamwambia kijana yule mwakani hatatazamwa na mtu, na safari ya Tanga Jumamosi baada ya Idi ndiyo nafasi yake ya kwanza na ya mwisho.

Bi Tausi akanielekezea ule uma wa kugeuzia vitumbua. "Ninyi mliohamia hapa kutoka Moa nani aliwalea? Unakuja barazani kwangu mwezi mtukufu unanitia maneno niiharibu saumu yangu? Nenda zako, Idarusi."

Nilikwenda zangu. Lakini kabla sijafika barabarani nilisikia harufu, na mama mmoja akasema, "Bi Tausi, vinaungua." Miaka yote niliyokaa hapa sijasikia kitumbua cha Bi Tausi kimeungua.

Mwezi ishirini na tisa ilikuwa mechi ya mwisho ya nusu msimu, Katani na Nyota. Ndiyo siku anayouza kuliko siku zote, kila nyumba inataka futari ya mwisho. Saa kumi watu walifika barazani kwake wakakuta jiko limezimwa. Bi Tausi alikuwa uwanjani. Hakuwa na ndoo wala glasi. Alikaa penye kona yake mikono mitupu, mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya jua, na hakunisalimu.

Uwanja mzima ulijua amekuja kumtazama nani. Na Kristofa naye alijua, na hilo ndilo lililomponza. Dakika ya ishirini ulikuja mpira mwepesi, wa kuushusha tu na kuutoa. Akaupiga hewa. Yasini, straika wa Nyota, aliuchukua akafunga bila hata kukimbia.

Nitasema jambo ambalo refa hajui. Mkono wangu ulitaka kuinuka. Kibendera kidogo tu, ningesema Yasini ameotea, goli lingefutwa. Yasini hakuwa ameotea. Nilikibana kibendera pajani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nyoka. Kristofa aliokota mpira wavuni mwenyewe, akaupeleka katikati, na mechi ikaendelea. Katani ikafungwa moja bila. Kabla ya kipyenga cha mwisho Bi Tausi alikuwa ameshaondoka.

Usiku ule mwezi uliandama. Idi mosi tulikula pilau na kutembeleana, na mimi sikuwa na raha. Nilijilaumu. Kama nisingemchokoza yule mama, Kristofa angecheza bila macho ya mtu mgongoni, na angebaki na heshima ya mechi nne safi, hata kama hazihesabiwi.

Idi pili ndiyo ilikuwa siku ya kutangaza. Kawaida yetu ni hii: unatandikwa mkeka penye kona, Bi Tausi anataja jina, aliyetajwa anavua viatu na kukaa, namba moja hadi kumi na moja, na mimi naandika kwa chaki kwenye ubao wake wa sharubati. Uwanja ulijaa, watoto na nguo zao mpya, akina mama na marashi yao. Wachezaji wa timu zote walisimama mbele. Kristofa alisimama nyuma kabisa na Lucas, amevaa viatu vyake vya shambani. Alikuja kutoa mkono wa Idi, si zaidi.

Bi Tausi akataja kipa. Akataja namba mbili. Akataja namba tatu. Sadalla, nahodha wa Nyota, alishavua kandambili. Namba nne ilikuwa yake miaka mitatu mfululizo na kopo lake lilikuwa na kokwa tano, moja kwa kila mechi kabla ya mfungo. Bi Tausi akairuka namba nne. Akaenda tano, sita, mpaka kumi na moja. Kwenye mkeka ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Miaka kumi na miwili nawaambieni mechi za mfungo hazihesabiwi," akasema. "Mkanisifu, nami nikapokea sifa. Leo nawaambieni ukweli. Sikuwa nahesabu kwa sababu sikuwa naziona. Nilikuwa nakaanga vitumbua. Niliona haya kusema kwamba kuna mechi nisizoziona, nikatunga kanuni."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, lakini alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga, na mimi, niliyemtukana barazani kwake, nilitamani kumfichia uso.

"Basi nawauliza ninyi mlioziona. Mastraika, nani amempita Kristofa mwezi huu?"

Masoud, mfungaji anayeongoza ligi, akacheka peke yake. "Mimi nilizunguka kushoto, nikazunguka kulia, Bi. Nikarudi nyumbani."

Wengine wawili wakatikisa vichwa. Kisha Yasini akainua mkono.

"Mimi nilifunga," akasema. "Lakini lile goli alinipa. Niliyoyatafuta mwenyewe sikuyapata hata moja."

"Nami nilikuwapo," akasema Bi Tausi. "Nimemwona siku moja tu, na siku hiyo kakosea mbele yangu. Baada ya kukosea nilimhesabia mara saba anarudi kuokoa, na mara ya saba alikuwa hawezi hata kunyoosha mgongo." Akafungua kiganja. Kilikuwa na kokwa saba. "Hizi si za kanuni. Idarusi, andika."

Niliandika. Chaki ilinikatika mara mbili kwa furaha, na jina likatoka limepinda.

Kristofa hakusogea. Nadhani hakuamini, au hakujua apite wapi. Macho yalimgeukia Sadalla, aliyekuwa amesimama peku ukingoni mwa mkeka. Sadalla alivaa kandambili zake, moja, kisha nyingine, kwa taratibu iliyotuuma sote. Halafu akapenya katikati ya watu mpaka nyuma, akamshika Kristofa mkono, akamleta.

"Vua viatu," akamwambia. "Utatuchafulia mkeka."

Watu walicheka, Kristofa akacheka pia, akainama kufungua kamba. Soksi moja ilikuwa na tundu kubwa. Akakaa nafasi ya nne, magoti ameyakusanya, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

Bi Tausi alifunua ndoo. Ilikuwa sharubati yake ya kwanza tangu Shaabani, ukwaju umekolea, na barafu inagongana ndani. Akamimina glasi ya kwanza, akampelekea Kristofa mwenyewe, akampita kipa, akawapita mabeki wengine wawili.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mwezi umekwisha."

Jumamosi tunakwenda Tanga, na mimi nimeombwa niende kushika kibendera. Sijui kocha wa huko atamwonaje. Najua tu nilichokiona pale kwenye mkeka. Kristofa aliipokea glasi kwa mikono miwili, akashukuru, akaishika. Bi Tausi akamimina ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na moja ikamfikia aliyekaa mwisho. Kristofa akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona kila mmoja anayo. Ndipo akanywa.