Ruta Niliyoibadilishia Programu

Nilipokuwa nikifundisha sekondari Ruangwa, niliiondolea ruta ya ofisi ya walimu, kile kifaa cha kusambaza intaneti, programu yake ya kiwandani, nikaweka nyingine niliyoipakua mtandaoni, ili intaneti ifike madarasani. Ilipowaka, waifai ikatoweka kwenye simu zetu zote. Siku tatu nilizima, nikawasha, nikaiseti upya, wapi!

"Mwalimu, nani alikutuma?" mkuu wa shule aliniuliza mbele ya wenzangu.

Siku ya nne niliiunganisha na kompyuta kwa waya, nikapekua mipangilio yote. Kumbe programu ile huja na waifai imezimwa, hadi uiwashe mwenyewe. Nikaiwasha, na simu zikaanza kulia meseji. Hakuna aliyenishukuru. Kwa hasira nikachomoa waya wangu, nikaondoka.