Siku Baba Alipoitwa Papasi

Baba yangu alisomesha historia na jiografia katika skuli moja ya Matemwe mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakupata kwenda mjini kutembea. Kwenda alikwenda, tena mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa na dhiki yake: kufuatilia barua ofisini, kuchukua karatasi za mtihani, kumpeleka mama hospitali. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Ule Mji Mkongwe aliousomesha ubaoni, kwa ramani aliyoichora mwenyewe kwa chaki, yeye aliupita mbiombio kama mtu anayekatiza uani kwa watu.

"Mjini nshakwenda kwa shida za kila namna," aliniambia siku moja tukiwa tumekaa barazani kwake. "Kwa raha bado. Nipeleke wewe, ambaye kazi yako ni wageni."

Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja kubwa ya Kiwengwa. Kila siku nawaandikia wageni safari za Mji Mkongwe, nawahimiza wachukue maji na kofia, kisha nawakabidhi kwa waongozaji wanaokuja kuwachukua. Katika miaka saba ya kazi hiyo haikunijia hata mara moja fikra ya kumwandikia safari baba yangu. Nikamwambia Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, tutakwenda.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama nje akinisubiri. Alivaa koti la kahawia alilokuwa akilivaa siku za mitihani, kofia ya kiua, na mkononi alikuwa na mwavuli na daftari. Ndani ya daftari alikuwa amepanga safari yetu kwa mwandiko wake wa ubaoni, mahali kwa mahali, na pembeni ya kila mahali ameandika mambo ya kuangalia. Mama alicheka. "Baba yako halali siku ya pili hii," aliniambia. "Utadhani yeye ndiye anayetahiniwa."

Nitasema kweli, kwa sababu bila ya kweli hii mengine hayaeleweki: nilimwonea haya. Mjini nafahamika. Nusu ya waongozaji wanaopita katika vichochoro vile wananijua kwa sura, na nilikuwa nimevaa miwani ya jua na abaya mpya. Nilitaka tutembee taratibu, tule chakula kizuri, nimpige picha mbili tatu, turudi. Baba yeye alishuka garini Darajani akafungua mwavuli na kuanza kusomesha.

Alisomesha njia nzima. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea darasa la watoto sitini na madirisha yasiyofungika. Alisimama mbele ya kila ukuta. Alinionesha mahali plasta ilipobanduka, chokaa na mawe ya matumbawe yakaonekana, akasema, "Tazama, nyumba hizi zimejengwa kwa bahari." Watu walikuwa wakitupita wakigeuka. Mimi nilikuwa nikisema, "Ndio, baba," na kuangalia simu.

Tulipofika Forodhani alitaka kwanza kuliona Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la masultani. Nilikuwa najua kwamba limezungushiwa uzio kwa ajili ya matengenezo, lakini sikuwa nimemwambia. Sijui kwa nini sikumwambia. Labda nilidhani anajua, labda sikuwa nimefikiri kabisa. Alisimama mbele ya mabati, akayatazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akanyanyua uso kutazama kilichoonekana kwa juu.

"Hapa ndipo taa za umeme zilipoanza kuwaka Unguja," alisema, na mara hii alisema kwa sauti ya chini. "Nimelisomesha jumba hili kila mwaka. Leo nimekuja, naona mabati." Kisha akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina la jumba, akaniambia twende mbele.

Hapo moyo wangu ulilainika kidogo. Nilimshika mkono tukaingia vichochoroni, upande wa Hurumzi, kutazama milango ya nakshi. Milango ndiyo aliyoipenda kupita yote. Alinieleza kwamba ule wenye tao juu umefuata mtindo wa Kihindi, na ule uliokatwa mraba ni wa Kiarabu. Alipitisha kidole hewani, bila ya kugusa, akifuata mnyororo uliochongwa pembezoni, na samaki, na makuti ya mtende. Nilianza kumsikiliza kwa kweli. Naona hiyo ndiyo robo saa nzuri kuliko zote nilizokaa na baba yangu tangu nilipokuwa mtu mzima.

Basi likaja kundi la wageni kama kumi hivi, pamoja na mwongozaji wao, wakasimama kwenye mlango huohuo. Mwongozaji nilimjua. Alikuwa mwanamme wa rika langu, kampuni yake huchukua wageni katika hoteli yetu. Nilirudi nyuma kidogo nikashusha macho. Yeye akaonesha ile misumari mikubwa ya shaba mlangoni, akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba iliwekwa ili kuzuia tembo wasisukume milango.

Baba alicheka. Hakuwa na nia mbaya, ninaapa. Alicheka kama alivyokuwa akimcheka mwanafunzi aliyejibu upuuzi kwa ujasiri.

"Samahani, bwana," alisema, naye kwa Kiingereza, kile Kiingereza chake cha vitabuni kinachotembea polepole. "Tembo aliingia kichochoro hiki lini? Angegeukia wapi?"

Wageni wakaangua kicheko. Bibi mmoja wa kizungu, mwenye nywele nyeupe na kijitabu mkononi, akamwuliza baba: kama si tembo, ni nini? Baba akamjibu. Akamweleza kwamba mtindo ule ulikuja na mafundi wa Bara Hindi, na kwamba huko ndiko kwenye habari za tembo; hapa misumari ilikuwa pambo, ilikuwa ni kuonesha utajiri wa mwenye nyumba. Bibi yule akaandika. Akauliza la pili, na la tatu. Wageni wengine wakasogea, na baba akanyoosha mwavuli kama alivyokuwa akinyoosha fimbo yake ya ubaoni. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Mwongozaji aliangalia saa yake mara mbili. Kisha akageukia Kiswahili.

"Mzee, una kitambulisho?"

"Kitambulisho cha nini?"

"Cha kutembeza wageni. Hii ni kazi ya watu, ina kibali. Kama huna, wewe ni papasi."

Kwa asiyejua, papasi ni mdudu anayeganda ngozini na kunyonya damu, na hapa kwetu ndilo jina wanaloitwa wale wanaowaganda watalii barabarani bila ya kibali wala adabu. Ni tusi. Mtu aliyesomesha maisha yake yote, akiwa na koti lake la mitihani, aliitwa papasi mbele ya watu, na binti yake amesimama hatua nne nyuma yake.

"Mimi ni mwalimu," baba alisema.

"Mwalimu wa wapi? Nimwite askari aje akuulize?"

Hapo ndipo mwongozaji aliponiona. "Ah, dada wa mapokezi! Huyu unamjua?"

Nimeurudia wakati ule mara nyingi kichwani, na kila mara naupata mfupi zaidi. Mkataba wangu ulikuwa karibu kwisha. Msimamizi wetu alikuwa ameshatuonya kwamba tusigombane na makampuni ya safari, kwa sababu ndiyo yanayotuletea biashara. Yote hayo ni kweli, lakini sikuyafikiri pale. Nilichofikiri ni kwamba watu wananitazama.

"Ni baba yangu," nilisema. "Msamehe. Kichwa chake hakijatulia siku hizi. Husema tu." Na kwa vile wageni walikuwa wakisubiri kuelewa, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mzee ni mgonjwa, kwamba husahau na kuchanganya mambo.

Baba anajua Kiingereza. Mimi nilijifunza kwake.

Yule bibi mwenye kijitabu alimtazama baba, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akakifunga kijitabu. Nilimwona alivyofanya kabla ya kukifunga: alipiga mstari wa kalamu juu ya yale aliyoyaandika.

Baba akaiweka sawa kofia yake. "Samahani, bwana," alimwambia mwongozaji. "Sikujua kama nnakuingilia kazi." Akafunga mwavuli, akaanza kuondoka, nami nikamfuata.

Ningependa kusema kwamba tulirudi nyumbani hapohapo. Hatukurudi. Baba hakutaka. "Gari umeiambia saa kumi," alisema, "na saa kumi bado." Akanikabidhi daftari, akasema, "Niongoze." Basi nikamwongoza. Tulikwenda kila mahali palipobaki katika orodha yake, na kila tulipofika kwenye mlango alisimama na kuniuliza, bila ya kejeli yoyote usoni, "Nnaruhusiwa kuingia?"

Katika jumba la makumbusho tulisimama mbele ya picha kubwa ya mtawala mmoja wa zamani. Nilijua kwamba baba anaweza kuusema ukoo wake wote bila ya kuvuta pumzi. "Baba, huyu ni nani?" nilimwuliza, nikijitia kutojua.

"Soma hapo chini," alisema. "Wameandika."

Chakula tulikula Malindi, katika hoteli ndogo ya biriani. Alikula vizuri, akasifu pilipili, akamshukuru aliyetuandalia. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nilitaka tu yaishe."

"Yamekwisha," alisema, akaomba maji ya kunawa.

Njiani kurudi alikaa mbele, akazungumza na dereva habari za mihogo. Mama alitupokea mlangoni, akauliza tumeona nini. "Tumeona mji," baba alimjibu. "Mwanao kaniongoza vizuri." Kisha akaenda kusali. Mama alinitazama usoni, akalichukua daftari mkononi mwangu.

Nilidhani mambo yatakomea hapo, katika moyo wangu na wake. Wiki iliyofuata mwongozaji yule alikuja hotelini kuchukua wageni. Aliegemea meza yangu kwa upole wa mtu aliyekosa, akaniuliza, "Mzee vipi, anaendelea? Unisamehe, sikujua kama ni maradhi." Wenzangu wawili walikuwa kando yangu. Ile ndiyo nafasi niliyopewa. Nilikuwa na uwezo wa kusema: baba yangu ni mzima, wewe ndiye uliyesema upuuzi. Nikasema, "Alhamdulillahi, hajambo kidogo."

Basi ikawa rasmi. Wenzangu wakaniombea dua. Msimamizi akaniita, akanipa siku mbili za kumwangalia mgonjwa, na nilizichukua. Nilikaa nyumbani kwangu siku hizo mbili, nikafua mapazia.

Habari ilifika Matemwe kabla yangu. Mmoja wa wapishi wetu alikuwa mwanafunzi wa baba, naye, kwa mapenzi tu, akaenda kumtazama na mkungu wa ndizi. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema mpishi alikaa chini, mbele ya baba, akamwambia kwa sauti kubwa na kwa kukatakata maneno, kama anayesema na mtoto: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako. Unanikumbuka?"

"Marahaba," baba alimjibu. Alimtaja kwa jina, la baba yake na la babu yake, na akamkumbusha deski alilokuwa akikaa. Mpishi alitoka nje amefurahi, akamwambia mama, "Leo amenijua! Leo ni siku nzuri." Baada ya hapo walikuja wengine. Na walimu wa skuli, ambao kila mwaka walikuwa wakimwita azungumze na watoto, mwaka ule hawakumwita. Walisema hawataki kumchosha.

"Umesema nini huko mjini?" mama aliniuliza. Nilimwambia. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu. "Mimi nimekusamehe," alisema mwishowe, "lakini mimi siye uliyenisema."

Niliwaeleza baadhi ya watu kwamba nilikosea, kwamba baba hana maradhi. Walinipokea kwa upole na hawakuniamini. Mtoto anayekana maradhi ya mzazi wake ni jambo ambalo kila mtu ameliona.

Miezi kadhaa baadaye nilisikia kutoka kwa kaka yangu, ambaye anakaa mjini na kutengeneza majokofu, kwamba baba alikwenda kwake. Alikaa siku tatu. Kila siku walitoka asubuhi, wakatembea mji mzima. Kaka yangu hakupenda skuli tangu utotoni, na baba alikuwa akimchapa kwa hilo.

"Kanisemesha mpaka kichwa kikaniuma," kaka aliniambia kwa simu, akicheka. "Wallahi, huyo mzee ana akili kuliko sisi sote. Nani kasema mgonjwa?"

Nilimwomba anisimulie japo kidogo baba alisema nini. Akafikiri. "Sijui bwana. Mambo ya zamani. Masultani."

Mkataba wangu uliongezwa, bado nipo mapokezi. Kila Ijumaa nakwenda Matemwe na samaki au matunda, na baba hunipokea vizuri. Huniuliza habari za kazi, za njia, za mvua kama imefika Kiwengwa. Huniambia ahsante kwa kila kitu, hata kwa gilasi ya maji. Sijamsikia akinisahihisha neno tangu siku ile, naye alikuwa hawezi kuniacha nikatamka "khofu" kwa uvivu, kama "hofu".

Mwezi uliopita nilijitia moyo. Nilimwambia kwamba nina siku tano za likizo, na kwamba, akipenda, twende kuyaona magofu ya Mtoni, ambako najua hajafika.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Kaka yako kashasema atanipeleka."

Sikumwuliza lini. Mama alileta chai, tukanywa.